Kima cha chini kiandikwe kwa saa: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya kazi Zanzibar

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kazi,
Kamishna wa Kazi,
Wajumbe wa bodi inayomshauri Waziri juu ya mishahara,
na Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi,

Assalamu alaykum.

Tunaoandika ni watu wa hesabu za mishahara pamoja na viongozi wa matawi ya wafanyakazi, Unguja na Pemba: hoteli, ulinzi, usafi, ujenzi na mashamba. Tangazo la Serikali likishasomwa, sisi ndio tunaoligeuza kuwa pesa mkononi mwa mtu, na sisi ndio tunaoona linavyopungua njiani. Ombi letu ni moja, na mengine yote humu yanatokana nalo: kima cha chini kinachofuata kipandishwe, na kiandikwe kwa saa, siyo kwa mwezi peke yake.

Mwaka 2017 kima cha chini cha watumishi wa umma kilitoka shilingi 150,000 kikafika 300,000. Kikakaa hapo miaka mitano, hadi Mei Mosi ya 2022 kilipotangazwa 347,000. Sekta binafsi ikasubiri mpaka 2024 ndipo nayo ikafikishwa 347,000. Hatua hizo tunazishukuru kwa dhati, kwa sababu kuna kaya zilizopumua. Humu tutatumia hiyo 347,000 kama mfano wa hesabu. Kiwango chochote mtakachokiweka baadaye, njia za kukipunguza ni hizi hizi.

Shilingi 347,000 ukizigawa kwa siku 26 za kazi, kila siku saa 8, unapata saa 208, na saa moja inakuwa shilingi 1,668. Sasa mchukueni mlinzi anayeingia lindoni saa 12 jioni akatoka saa 12 asubuhi, mwezi mzima bila ya ofu. Huyo amefanya saa 360. Mshahara ule ule kwake ni shilingi 964 kwa saa. Mkaguzi akija anaoneshwa daftari, anasoma 347,000, anaridhika, anaondoka. Zile saa 152 zilizozidi, hata zingelipwa kwa bei ya kawaida bila ya nyongeza ya saa za ziada, ni shilingi 253,536 kwa mwezi. Hazionekani popote kwa sababu kipimo tunachotumia ni mwezi, na mwezi hausemi mtu amefanya kazi kiasi gani.

Jedwali la amri ya mishahara ya Tanzania Bara lina safu ya saa, ya siku, ya wiki, ya wiki mbili na ya mwezi kwa kila sekta. Kazi siyo jambo la Muungano. Sisi tuna Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005 na Sheria ya Uhusiano Kazini Namba 1 ya 2005, na hatulazimiki kumfuata mtu. Lakini safu ya saa ni kitu chema, na kuiongeza katika amri yetu hakuhitaji sheria mpya.

Kwa upande wa ulinzi, tatizo huanza ofisini, siku ya kufungua zabuni, kabla mlinzi hajaajiriwa. Lindo moja la mtu mmoja, usiku na mchana, lina saa 168 kwa wiki. Mlinzi akifanya saa 48 kwa wiki, lindo hilo linataka walinzi watatu na nusu. Zidisha kwa 347,000 upate 1,214,500 kwa mwezi. Hapo hujatia mchango wa mwajiri wa ZSSF (Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar), sare, viatu, tochi, mtu wa kushikia wakati wa likizo, gari ya msimamizi, wala faida ya kampuni. Sasa zabuni ikishinda kwa shilingi 800,000 kwa lindo, maana yake ni walinzi wawili: 694,000 za mishahara, 106,000 kwa kila kitu kilichobaki. Sheria imeshavunjwa siku mkataba unaposainiwa, na aliyesaini mara nyingine ni taasisi ya umma. Kampuni inayofuata sheria haiwezi kushindana na bei hiyo, kwa hiyo inashindwa, au inaiga. Usafi wa ofisi na hospitali ni vivyo hivyo.

Tunaiomba Mamlaka ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali za Umma itie ukurasa mmoja katika nyaraka zote za zabuni za kazi za watu. Mzabuni aandike idadi ya saa kwa wiki, idadi ya watu, kima cha saa, mchango wa mwajiri, fungu la likizo, vifaa, kisha faida. Zabuni ambayo mstari wa mishahara haufiki saa zinazotakiwa mara kima cha saa itolewe hapo hapo, hata iwe ya chini kuliko zote. Na mikataba ya miaka miwili au mitatu iwe na kifungu kinachoruhusu bei kupanda kwa kiasi kile kile kima cha chini kilichopanda. Kifungu hicho kikikosekana, Serikali inapandisha mshahara kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili inamnyima mkandarasi wake pesa za kuulipa.

Tuje kwenye neno mshahara wenyewe. Baada ya kima kupanda, baadhi ya waajiri hawakuongeza kitu. Walipanga upya karatasi. Hati ya malipo ikawa hivi: mshahara wa msingi 200,000, posho ya chakula 60,000, posho ya nyumba 50,000, usafiri 37,000. Jumla 347,000, na mwajiri anasema ametii. Lakini saa za ziada zinakokotolewa kwa 200,000, yaani shilingi 962 kwa saa badala ya 1,668. Malipo ya likizo ni kwa 200,000. Mchango wa ZSSF unapelekwa kwa 200,000, na hilo mfanyakazi atalihisi miaka 20 baadaye anapokwenda kudai mafao. Kila shilingi iliyohamishwa kutoka msingi kwenda posho inamfuata mtu mpaka uzeeni. Amri ijayo iseme wazi kuwa kima cha chini ni mshahara wa msingi, na kwamba posho, bakhshishi na sevisi chaji ni juu ya hapo.

Sevisi chaji tunaitaja kwa sababu hoteli nyingi huitia katika bili ya mgeni. Mgeni anailipa akiamini inawafikia waliomhudumia. Ikiingizwa katika kufikisha kima cha chini, mgeni ndiye anayelipa mshahara na hoteli haijatoa kitu. Jumla yake ya mwezi ibandikwe ubaoni pamoja na mgao wake, jikoni na dobi wakiwemo, siyo wahudumu wa mezani peke yao.

Makato nayo yana hadithi ndefu. Chukueni mhudumu wa vyumba anayelala katika bweni la wafanyakazi la hoteli ya pwani: chakula 2,500 kwa siku mara 26 ni 65,000, bweni 40,000, sare na vitu vilivyovunjika 15,000. Kabla ya ZSSF ameshabaki na 227,000. Hatusemi chakula kitolewe bure. Tunasema makato ya chakula na malazi yawe na kikomo kilichoandikwa kwa shilingi, mfanyakazi aweze kuyakataa kwa maandishi akaja na chakula chake, na sare zisikatwe kabisa, kwa kuwa sare ni kifaa cha kazi kama ulivyo ufagio wa buibui au jembe la bustani. Bweni la watu wanane chumba kimoja, godoro moja moja na choo cha pamoja, halina thamani ya 40,000 kwa kichwa. Afisa afya akipima chumba kimoja kwa utepe atajua bei inayostahiki.

Kisha kuna miezi ya masika. Aprili na Mei hoteli kadhaa hufunga, na wafanyakazi hupewa likizo bila ya malipo au mkataba wao hukatika Machi ukafungwa upya Juni. Mtu wa aina hiyo analipwa miezi 10. Mshahara wa 347,000 kwa miezi 10, ukiusambaza mwaka mzima, ni 289,167 kwa mwezi. Kodi ya nyumba haiendi likizo. Hapa tunapendekeza jambo dogo linalotekelezeka: mwajiri anayejua atafunga aandike hivyo katika mkataba tangu mwanzo, na alipe sehemu ya mshahara katika miezi hiyo, isipungue nusu, kwa kila aliyemaliza msimu mmoja kazini.

Kwa vibarua wa siku, wale saidia fundi wa Fumba na kwengineko wanaolipwa jioni, kima cha mwezi hakisemi chochote. Fundi mkuu anapatana nao mlangoni. Kwa kima cha saa, siku ya saa 8 ni shilingi 13,344. Kwa kuwa kibarua hana likizo wala sikukuu ya kulipwa, bei yake ya siku lazima iwe juu ya hapo. Tunapendekeza nyongeza ya asilimia 10, ifike 14,700 tukiipeleka kwenye mia iliyo karibu. Siku ikirefuka mpaka saa 10 kwa sababu zege haliwezi kuachwa nusu, saa mbili hizo zilipwe kwa bei ya saa za ziada, jioni hiyo hiyo. Na mvua ikisimamisha kazi saa nne asubuhi, aliyekwishafika eneo la kazi alipwe angalau malipo ya kazi ya saa nne, maana nauli ameshatoa.

Pemba tuna suala letu la msimu, na ndilo gumu zaidi. Mchumaji wa karafuu halipwi kwa siku wala kwa mwezi. Analipwa kwa pishi, kile kibaba kikubwa cha kupimia karafuu. Malipo kwa kipimo siyo dhambi, na wachumaji hodari wanayapenda. Kasoro iko katika kile ambacho pishi haihesabu. Mchumaji anatembea shambani alfajiri, anapandisha ngazi, anaihamisha mkarafuu hadi mkarafuu, anachuma, anabeba mpaka uani, na usiku wanakaa kuchambua, yaani kutenganisha karafuu na makonyo, vile vijiti vyake. Kinacholipwa ni karafuu zilizoingia katika pishi. Saa za kuchambua mara nyingi huhesabiwa kuwa sehemu ya kazi bila ya bei. Mikarafuu ikibeba vizuri hesabu inakaa sawa. Msimu ukiwa mbovu, mashada machache na yako juu kileleni, mtu huyo huyo, kwa bidii ile ile na hatari kubwa zaidi ya kuanguka, anarudi na nusu ya pishi.

Njia ya kuiweka sawa ipo. Kabla ya msimu, katika kila wilaya, wapimwe wachumaji wa kawaida, siyo mabingwa, katika mikarafuu ya kati, kwa siku moja nzima. Zihesabiwe saa zote, za kuhamisha ngazi na za kuchambua zikiwemo. Kima cha siku kigawanywe kwa pishi walizopata. Kila mmoja akipata pishi 20 kwa saa 8, bei ya pishi ni shilingi 667. Akipata 12, ni 1,112. Bei hiyo ya chini ya pishi itangazwe siku ile ile ambayo Shirika la Taifa la Biashara, ZSTC, linatangaza bei ya kununulia karafuu kavu. Tunasema siku ile ile kwa makusudi. Mwenye shamba wa Konde au wa Mtambile si tajiri. Ana mikarafuu michache, na mnunuzi wake ni mmoja. Hawezi kumlipa mchumaji kitu ambacho bei ya kituoni haikukiweka ndani. Mkipandisha pishi bila ya kuangalia bei ya kilo, mtamwachia karafuu zichanue mtini. Mambo hayo mawili yakae meza moja.

Kuna kundi jengine, wakulima wa mwani, ambao kima cha chini hakiwagusi kwa sababu wanauza kilo na hawana mwajiri. Shida zao zinataka barua yake.

Wafanyakazi wa majumbani wanahitaji kima cha saa kuliko mtu mwengine yeyote. Mwalimu wa skuli anayemuajiri dada wa kazi hawezi kutoa nusu au zaidi ya mshahara wake, na sote tunajua kuwa katika nyumba nyingi amri ya mwezi haifuatwi kwa sababu hiyo. Kwa saa, jambo linaelezeka. Dada anayefanya kazi kwa muda wa saa nne kwa siku, siku 26, anastahiki shilingi 173,472, na mwenye nyumba anaweza kupanga saa kulingana na uwezo wake bila ya kuvunja sheria. Anayelala hapo hapo awe na saa zilizoandikwa, na usiku uwe wake. Kupewa chakula na chumba kusigeuke kuwa sababu ya kumlipa elfu sitini.

Sasa kiwango chenyewe. Mkataba Namba 131 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1970, ambao Tanzania imeuridhia, unataka kima cha chini kizingatie mahitaji ya mfanyakazi na familia yake, gharama za maisha, mafao ya hifadhi ya jamii, na pia hali ya uchumi, tija na ajira. Pande zote mbili zimo. Kwa hiyo bodi ianze na kapu la mahitaji, halafu ipime uwezo.

Kapu lisiwe la kubuni. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2019/20, uliotuonesha kuwa asilimia 25.7 ya watu wa Zanzibar walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, unaeleza watu wanakula nini na wanatumia nini. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali inakusanya bei kila mwezi. Kwa kaya ya watu watano sisi tungeandika hivi kwa mwezi: mchele wa mapembe kilo 45, unga wa ngano kilo 10, sukari kilo 6, mafuta ya kula lita 4, nazi 30, maharage au kunde kilo 5, dagaa au samaki robo tatu ya kilo kila siku, mihogo na ndizi, mboga, chumvi, sabuni. Kisha mkaa au gesi, tukuza (umeme wa kulipia kabla), maji, nguo, dawa, madaftari ya skuli. Nauli ni za safari 52 kwa siku 26, kwenda na kurudi; anayebadilisha gari Darajani au Mwanakwerekwe ni 104. Na kodi ya nyumba, ambayo wenye nyumba wengi wanaitaka ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, jambo linalomtia mtu wa kipato cha chini katika deni kila nusu mwaka. Bei zichukuliwe Mwanakwerekwe, Chake Chake na Wete, lakini pia Nungwi na Paje. Vijiji vya pwani vyenye watalii vina bei zake, na wafanyakazi wanaoishi huko wananunua samaki kwa kushindana na jiko la hoteli.

Kapu hilo likigawanywa kwa watu wanaoleta kipato katika kaya, bodi itaona pengo kati yake na kima kilichopo. Hatutarajii pengo lizibwe kwa mwaka mmoja. Tunataka lijulikane, liandikwe, na lizibwe kwa hatua. Kibaya kuliko vyote ni mtindo wa kukaa miaka mingi kisha kuruka. Bei zikipanda kwa asilimia 5 tu kwa mwaka, anayelipwa 347,000 anahitaji 382,568 baada ya miaka miwili na 401,696 baada ya mitatu ili asimame pale pale. Na mruko mkubwa wa ghafla nao unaumiza: mwenye duka dogo anashtuka, hoteli inapunguza watu, na mhudumu mwenye miaka minane kazini anajikuta sawa na aliyeingia jana, kwa sababu walio juu kidogo ya kima hawakuguswa. Kanuni iwe hii: kila mwaka kima kipande kwa kiasi kisichopungua kupanda kwa bei za vyakula, na kima cha saa kisogezwe juu hadi kwenye kumi kamili ya shilingi, na kila mwaka wa tatu ufanyike mapitio kamili ya kapu. Katika mwaka wa mapitio, waajiri na vyama vya wafanyakazi wakae kupanga pia ngazi za juu ya kima, walau kwa uzoefu wa miaka mitatu na mitano.

Tunayajua malalamiko ya waajiri, na mengine ni ya haki. La kwanza ni muda. Hoteli zinasaini bei na mawakala wa nje karibu mwaka mzima kabla, kwa dola. Kima kikitangazwa Mei Mosi kuanza Julai, bei ya chumba imeshauzwa. Tangazo litoke kabla ya Disemba kwisha, lianze kutumika tarehe 1 Julai pamoja na mwaka wa fedha wa Serikali. Miezi sita inatosha kwa hoteli, kwa mkandarasi na kwa duka la Darajani.

Lalamiko la pili, kwamba utalii hautaubeba mzigo huu, hesabu hailiungi mkono. Wageni walioingia Zanzibar walikuwa 638,498 mwaka 2023 na 736,755 mwaka 2024. Mhudumu wa vyumba anasafisha tuseme vyumba 14 kwa siku. Kwa 13,344 za siku, kila chumba kinagharimu shilingi 953 za mshahara wake. Mkimpandishia asilimia 20, chumba kinapanda kwa shilingi 191. Zidisheni hiyo kwa mpishi, dobi, mtunza bustani na mlinzi, muweke na michango ya mwajiri, bado ni sehemu ndogo mno ya bei ya usiku mmoja Kiwengwa au Kendwa. Nyumba ya wageni ya vyumba vitano inayoendeshwa na familia ni suala jengine, na kwa hiyo tunakubali biashara zenye wafanyakazi wasiozidi wanne zipewe mwaka mmoja wa ziada kufikia kiwango kipya. Mwaka mmoja, na tarehe iandikwe ndani ya amri.

Na kodi ya mapato ni jambo la Muungano. Kima kinapopanda, sehemu ya nyongeza inaweza kuliwa na kodi ikiwa kiwango cha kuanzia kutozwa hakijasogea. Tunaiomba Serikali ilitie hilo katika mazungumzo yake na Serikali ya Muungano kabla ya kutangaza, siyo baada.

Juu ya ukaguzi, tunasema kwa heshima kwamba kwenda hotelini kwa kupiga simu kwanza hakufichui kitu. Kuna sehemu ambapo mtu anasaini 347,000 na kupokea 220,000 taslimu, na mkaguzi akija anaona saini halali. Malipo yote ya mwajiri mwenye watu watano na zaidi yapite benki au kwenye simu. Hata hapo kuna ujanja: mtu anaambiwa arudishe kiasi fulani mkononi kwa msimamizi siku ya pili. Kwa hiyo mkaguzi awahoji wafanyakazi nje ya eneo la kazi, kwenye kituo cha gari za shamba au ofisi ya sheha (kiongozi wa shehia), mmoja mmoja, na aulize maswali matatu tu: unaingia saa ngapi, unatoka saa ngapi, unabaki na shilingi ngapi. Majibu ya watu watano, shilingi zikigawanywa kwa saa na kulinganishwa na kima cha saa, yanatosha kufungua jalada.

Kabla ya kutoa gari, kuna kazi ya mezani. ZSSF inapokea kila mwezi majina na mishahara kutoka kwa waajiri. Kamisheni ya Utalii ina idadi ya vyumba vya kila hoteli. Ziwekeni orodha hizo mbili pamoja. Hoteli ya vyumba 60 yenye wanachama 9 wa ZSSF inataka maelezo. Mwajiri ambaye wafanyakazi wake 40 wote wana mshahara wa msingi wa 200,000 anataka maelezo. Ofisa mmoja mwenye kompyuta anaweza kupitia mkoa mzima kwa wiki, na gari la ukaguzi likaenda palipo na shaka tu.

Hati ya malipo iwe ya lazima, kwa Kiswahili, ikionesha saa za kawaida, saa za ziada, bei ya saa, kila kato kwa jina lake, na mchango wa ZSSF wa pande zote mbili. Asiyekuwa na rekodi ya saa, ushahidi wa mfanyakazi uchukuliwe kuwa sahihi mpaka mwajiri athibitishe vyenginevyo. Kifungu hicho peke yake kitawafanya wengi wanunue daftari la mahudhurio.

Adhabu nayo ipimwe kwa faida ya kosa. Anayewapunja watu 40 shilingi 100,000 kila mmoja anabakisha milioni 4 kwa mwezi, milioni 48 kwa mwaka. Faini yoyote iliyo chini ya hapo kwake ni gharama ndogo ya biashara. Kwanza alipe malimbikizo yote kwa kila mfanyakazi, wakiwemo walioacha kazi. Kisha alipe kiasi kingine sawa na hicho kama adhabu. Akirudia, leseni isihuishwe. Na anayepeleka malalamiko asifukuzwe: kufukuzwa ndani ya miezi sita baada ya kulalamika kuhesabiwe kuwa ni kwa sababu ya malalamiko, mwajiri ndiye athibitishe kuwa siyo. Wengi wa watu wetu hawafiki kwenye usuluhishi wala Mahkama ya Kazi kwa kuogopa hilo tu, na anayetoka Makunduchi au Micheweni anafikiria pia nauli ya kwenda mara nne kwa shauri moja. Usuluhishi uende wilayani walau siku mbili kwa mwezi.

Rasimu ya jedwali tumeshaitengeneza: kima cha saa, cha siku kwa mwenye mkataba, cha siku kwa kibarua, cha wiki na cha mwezi, pamoja na fomu ya zabuni ya ukurasa mmoja na mfano wa hati ya malipo. Tuko tayari kuziwasilisha mbele ya bodi na kuzijadili mstari kwa mstari, waajiri wakiwepo. Tunaomba kikao hicho kifanyike kabla ya bajeti ijayo kuanza kuandaliwa, ili fedha za mikataba ya ulinzi na usafi wa taasisi za umma zitengwe kwa hesabu mpya.

Wenu katika ujenzi wa Zanzibar,

Wahasibu wa mishahara na viongozi wa matawi ya wafanyakazi,
Unguja na Pemba